Sura ya Saba: Wajumbe Walisubiri

Hadi saa tatu na robo asubuhi ya Ijumaa, Sajenti Obadia alikuwa amemhoji Mwanaidi mara nne, na mara zote nne aliambulia jibu lile lile.

"Sahihi ni yangu," alisema Mwanaidi. "Muhuri ni wa kikundi. Kuandika sikuandika."

"Sasa sahihi yako ilifikaje kwenye karatasi ambayo hukuiandika? Ilipanda basi?"

Mwanaidi aliangalia sakafu. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na nne, na kwa siku mbili alikuwa amelala mahabusu ya kituo cha Handeni akiwa amejifunika kanga moja. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa Umoja wa Wazazi, kikundi kidogo cha baba na mama ambao watoto wao wana kisukari, watoto kumi na mmoja kutoka Handeni na Korogwe. Kazi ya kikundi ilikuwa moja tu: kununua insulini pale inapokosekana zahanati na kuwafikishia watoto. Kila wiki Mwanaidi mwenyewe aliipeleka hadi Ngombezi, kwa watoto wawili wa vibarua wa mkonge, kwenye kopo lenye barafu.

Pesa za kikundi zilikuwa benki, mjini Korogwe, na hazikutoka mpaka watu wawili wasaini: katibu Mwanaidi na mhazini Mzee Sabiri. Wiki tatu zilizopita benki ilipelekewa muhtasari wa kikao, umechapwa vizuri, una sahihi ya katibu na muhuri, ukisema wajumbe wameamua kumwondoa katibu kwenye orodha ya watia saini na kumweka mwenyekiti, Isaka. Ndani ya siku nne Isaka na Mzee Sabiri wakatoa zaidi ya nusu ya akiba. Isaka akayeyuka. Nyumbani kwake Masuguru kulikuwa na kufuli, na kwao Lutindi mama yake alisema hajamwona tangu Pasaka. Wazazi walipolalamika, benki ikafunga akaunti.

Mzee Sabiri alikuwa na maelezo yake, nayo yalinyooka. Alisema yeye alisaini kwa sababu muhtasari ulikuwa umetoka kwa katibu. Kwa hiyo mkuu wa upelelezi wa wilaya aliona kesi imekwisha: katibu aliandika, mwenyekiti akachukua, wakagawana. Alitaka jalada lifike mahakamani Jumanne, maana Jumatatu ilikuwa sikukuu.

"Afande," Mwanaidi alisema ghafla, "mimi nifungeni. Lakini benki wafungue. Ofisini ilibaki chupa moja, na wazazi wamegawana tangu juzi. Watoto wanachomwa nusu ya dozi. Hafsa wangu ni mmoja wao. Kesho asubuhi hata hiyo nusu haipo."

"Benki hawafungui kwa huruma. Kama muhtasari huu ni wa kweli, watia saini ni Isaka na mzee. Isaka hayupo. Kama ni wa kughushi, mnarudi wewe na mzee. Nisaidie kuuvunja. Nani aliuandika?"

Obadia alitamani kupiga meza. Alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe waliosema zaidi ya huyu mama.

"Subiri hapa," alisema, akachukua faili lake.

"Nangoja, afande."

Steshenari iliyokuwa ikichapa mihutasari ya kikundi ilikuwa jirani na stendi, chumba kimoja chenye kompyuta mbili na mashine ya kutoa nakala inayokohoa. Mwenyewe, Yasinta, aliutambua muhtasari kabla hajaukabidhiwa.

"Huu nilichapa mimi. Ulikuja na bodaboda, kwenye bahasha."

"Umeandikwa na katibu?"

"Mama Hafsa huja mwenyewe, tena anakaa hapo hapo ulipo akinisimamia. Nikimbadilishia hata neno moja ananirudisha. Safari hii haukuwa mwandiko wake. Zilikuwa herufi kubwa tupu, kama tangazo la msiba. Nilidhani anaumwa, ameandikiwa."

"Rasimu iko wapi?"

"Nilifungia karanga, afande. Nisamehe."

Obadia alimsamehe kwa shingo upande. "Sahihi aliiweka lini?"

Yasinta alicheka kidogo kwa aibu. "Hapo ndipo pa ajabu. Karatasi ya mwisho ilikuja tayari imesainiwa na kupigwa muhuri, juu kote ni nyeupe. Maelekezo yalisema nipange maneno yaishie juu ya sahihi. Niliharibu nusu ya wino nikipima kwa karatasi nyingine."

Karatasi tupu yenye sahihi. Obadia alirudi kituoni akitembea upesi kuliko alivyokwenda. Alikuta Mwanaidi amekaa vile vile alivyomwacha, mgongo umenyooka, kama yuko kwenye kikao.

"Ulisaini karatasi tupu," alimwambia. "Ukazipiga muhuri. Ngapi?"

Mwanaidi alifumba macho. "Tatu."

"Za nini, mama?"

"Mimi nikiwa Ngombezi au hospitali Tanga na mtoto, halafu mfadhili akataka barua upesi, kazi isilale. Tulifanya hivyo tangu mwanzo. Hatukuona ubaya."

"Ukamwachia nani?"

Safari hii machozi yalimtoka yule mama, akayafuta kwa ncha ya kanga bila sauti.

"Ni Isaka?"

"Siyo."

"Basi mtaje huyo mwingine. Mtoto wako anachomwa nusu dozi nawe unamlinda mtu!"

"Yule mtu ana mdomo wake, afande. Atasema mwenyewe. Mimi nangoja aseme. Mimi siyo wa kumsema."

Obadia alitoka nje, akaketi kwenye benchi la mbao chini ya ubao wa matangazo, na kupanga mihutasari yote kumi na mitano magotini. Kumi na minne ilikuwa halali, haina ubishi. Wa kumi na tano ndio huu. Alikwisha kuilinganisha jana, na kitu kimoja kilikuwa kimemvunja moyo. Kwenye mahudhurio ya kila kikao, wajumbe wote wameandikwa majina kamili isipokuwa mmoja. Mhazini siku zote ameandikwa "Baba Faudhia", kwa jina la binti yake. Alipouliza aliambiwa sababu: Mzee Sabiri ni baba mzazi wa marehemu Zaidi, mume wa Mwanaidi. Ni mkwe wake. Mkaza mwana hamtaji baba mkwe kwa jina, na huyu hakumtaja hata kwa kalamu. Na muhtasari wa kumi na tano nao ulisema "Baba Faudhia". Ndiyo maana jana Obadia aliuona ni mkono wa Mwanaidi mwenyewe. Leo alijua kwamba mtu yeyote mwenye nakala ya zamani angeweza kunakili hilo.

Akasoma upya, polepole, kidole kwenye mstari.

*Kikao kilipangwa kuanza saa 4:00 asubuhi. Wajumbe walisubiri hadi saa 5:10 akidi ilipotimia.*

Wajumbe walisubiri.

Alirudia. Ndani ya kichwa chake kulikuwa na sauti ya Mwanaidi: nangoja, afande. Mara ngapi amemwambia yule mama asubiri, naye kila mara anajibu kwamba anangoja?

Alichukua kalamu nyekundu, akaanza na muhtasari wa kwanza. *Wajumbe walingoja akidi.* Wa pili: *Ombi la friji lingoje kikao kijacho.* Wa tatu, wa nne. Kufikia wa kumi na nne alikuwa amezungushia "ngoja" mara kumi na tisa. "Subiri" haikuwepo hata moja. Kwenye wa kumi na tano "subiri" ilikuwepo mara tatu, na "ngoja" haikuwepo kabisa.

Mtu wa Dar asingeelewa hata angeelezwa siku nzima. Obadia alikuwa mtoto wa Lutindi, kwenye ukoo wenye Wakristo na Waislamu. Babu yake mzaa baba aliitwa Jumaa, na mama yake Obadia hadi leo, akiwa na wajukuu wanane, hawezi kusema Ijumaa. Husema "siku ya wenye kanzu". Watoto walikuwa wakimtania, wakimtega, na hajawahi kunaswa. Jina la mkwe likifanana na neno, na neno lenyewe huachwa.

Sabiri. Subiri.

"Muhidini!" alimwita konstebo aliyekuwa dereva. "Washa gari."

Kabla ya kuondoka alimpigia simu meneja wa benki ya Korogwe, mama mmoja mkavu wa maneno aitwaye Grasiana.

"Tunafunga saa kumi kamili, hadi Jumanne," alisema Grasiana. "Unithibitishie kwamba muhtasari ni wa kughushi, wakiwepo hao watia saini wa zamani wote wawili. Na uje na barua kwamba hakuna kati yao anayeshikiliwa na polisi. Mtuhumiwa siipokei sahihi yake, sajenti, hata akiwa shangazi yangu."

Mkuu wa upelelezi alikuwa mkutanoni Tanga. Obadia aliiandika barua mwenyewe, akasaini mwenyewe, na kumtoa Mwanaidi kwa dhamana ya jina lake. Alijua fika kwamba akikosea, Jumanne ataandikiwa barua yeye, ya kujieleza.

Walifika Misima watu wakitoka msikitini. Mzee Sabiri alikuwa uani kwake, kanzu nyeupe, fimbo mkononi. Hafsa, msichana wa miaka tisa, alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini, amekonda mpaka shingo inaonekana ndefu, na kando yake kuna jagi la maji.

"Jagi la tatu hilo tangu asubuhi," alisema bibi yake. "Anakunywa, anakojoa, anakunywa. Jana usiku alikuwa ananiita kwa jina la mtu mwingine."

Mwanaidi alimnusa mtoto mdomoni, kama wazazi hawa wanavyopima sukari iliyopanda, akatazama pembeni. Obadia hakuuliza amenusa nini. Alimsogelea mzee.

"Shikamoo, mzee. Benki wanakuhitaji Korogwe, sasa hivi. Huenda akaunti ikafunguliwa."

"Marahaba. Mimi nina kosa gani?"

"Nimekuita kama mhazini, mzee. Panda gari."

Mzee alimtazama mjukuu wake, akapanda. Walipita Sindeni mpaka mashamba ya mkonge yakaanza. Mwanaidi alikaa nyuma kabisa, amempa mkwe wake mgongo kama adabu inavyotaka.

Saa tisa na dakika ishirini na tano walikuwa ofisini kwa Grasiana. Alisoma barua ya Obadia, akaiweka chini ya kalamu.

"Uthibitisho?"

"Naomba katibu asome huu muhtasari kwa sauti," alisema Obadia. "Wewe mwenyewe fuatilia kwenye nakala yako. Basi."

Grasiana alimtazama kama mtu anayechezewa akili, lakini alifungua faili. Mwanaidi aliupokea muhtasari, akasimama. Sauti yake ilikuwa ya katibu, safi, isiyo na haraka.

"Kikao kilipangwa kuanza saa nne kamili asubuhi. Wajumbe walingoja hadi saa tano na dakika kumi akidi ilipotimia."

Grasiana aliinua kichwa. Obadia alimwonyesha kwa kidole: endelea kufuatilia.

"Yatokanayo. Wazazi waombwe kungoja majibu ya mfadhili kuhusu sindano. Mengineyo. Hoja ya friji ingoje mpaka watia saini wapya watambuliwe na benki."

"Inatosha," alisema Grasiana. "Mama, rudia mstari wa pili. Soma kilichoandikwa."

"Wajumbe walingoja..."

"Siyo hivyo. Kilichoandikwa."

Mwanaidi aliinamisha uso kwenye karatasi. Obadia aliona macho yake yakifika kwenye lile neno na kusimama. Ilikuwa wazi kwamba ndiyo kwanza analiona. Alikuwa ameliruka mara tatu bila kujua, kama mguu unavyoruka shimo la njia ya kila siku. Akavuta kanga, akaziba mdomo.

"Siwezi," alisema ndani ya kanga.

"Huwezi kusoma?"

"Hilo siwezi kulitamka. Mbele yake siwezi. Hata nyuma yake siwezi."

Obadia alimwekea Grasiana ile mihutasari kumi na minne mezani, yenye viduara vyekundu. Hakutaja kitu zaidi ya ukwe wao na idadi: ngoja kumi na tisa, subiri sifuri. Meneja aligeuza kurasa, moja baada ya nyingine. Kisha akamtazama mzee.

Mzee Sabiri alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Miaka kumi na miwili yuko kwangu," alisema. "Nilijua hanitaji jina. Hiyo ni desturi, kila mkaza mwana anafanya. Sikujua kwamba na neno lenyewe ameliacha. Nimekula naye, nimezika naye mwanangu, sikulisikia hilo." Aligeukia upande wa Obadia. "Sajenti, zile karatasi tatu aliniachia mi..."

"Mzee, nyamaza!"

Obadia alipaza sauti mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Hakuwahi katika kazi yake kumfunga mdomo mtu anayeungama, na alihisi aibu na hofu kwa pamoja. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na nane.

"Nataka kusema, mwanangu. Nimechoka."

"Utasema. Lakini ukisema sasa, nitaandika. Nikiandika, wewe ni mtuhumiwa. Ukiwa mtuhumiwa, huyu mama hapokei sahihi yako, na pesa zitalala humu mpaka Jumanne. Hafsa hana Jumanne. Umenielewa?"

Mzee alifunga mdomo. Grasiana alikuwa akiangalia dirishani kwa makini sana, ingawa nje hapakuwa na kitu ila ukuta.

"Mimi nilichosikia," alisema hatimaye, "ni kwamba muhtasari huu haukuandikwa na katibu. Hilo linatosha kuufuta. Barua inasema hakuna anayeshikiliwa. Watia saini ni hawa wawili." Akasukuma fomu ya kutolea pesa mezani. "Sahihi zifanane na za kwenye kadi. Zisipofanana narudisha, na sina muda wa kurudisha."

Mwanaidi alisaini kwanza, kwa mpigo mmoja tu wa kalamu, akasogea ukutani. Mzee alipopewa kalamu ikagonga meza ta-ta-ta kama mvua inayoanza. Aliishusha. Akaipumzisha mikono magotini, akasema bismillahi, akaishika tena. Obadia alijikuta amesimama nyuma yake akimhesabia pumzi. Sahihi ya mzee ilikuwa na vitanzi vitatu na mkia. Alivipita vitanzi viwili vizuri, cha tatu kikapinda.

Grasiana aliweka fomu kando ya kadi. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kulia. Mwanaidi alikuwa amefumba macho. Meneja alichukua muhuri wake, akaugonga.

"Dirisha namba mbili," alisema. "Kimbia, mama. Duka la dawa la barabara kuu wanayo, niliwapigia mchana."

"Muhidini atakupeleka, na atakurudisha Misima moja kwa moja," Obadia alimwambia. "Anzia na mtoto wako. Nitawaambia wazazi wengine waje wachukue kwako."

Mwanaidi alifika mlangoni, akasimama. Hakumgeukia mzee uso kwa uso. Aliongea akielekea kwenye kitasa.

"Baba, Hafsa akiniuliza babu yuko wapi, nimjibu nini?"

Pale pale Obadia alimwona mzee akitafuta neno, akilipata, akiliacha, akichukua lingine.

"Mwambie babu yuko Korogwe," alisema. "Anangoja."

Mwanaidi alipiga goti kidogo, kama anavyoagwa baba mkwe, akatoka. Viatu vyake vilisikika vikikimbia kwenye vigae mpaka dirisha namba mbili.

Obadia alifunga mlango. Alivuta kiti, akafungua daftari, akaandika saa: tisa na dakika hamsini na mbili.

"Sasa sema, mzee."

"Isaka alikuja nyumbani. Akaniambia mkaza mwana wangu ana mchumba Ngombezi. Kila wiki yuko huko, mimi mwenyewe naona anaondoka na kopo lake. Akasema ataolewa, atahama na Hafsa, na Umoja atahama nao, kwa kuwa sahihi ni yake. Akasema tukimtoa kwenye sahihi atakosa nguvu, atabaki. Nikampa karatasi moja. Maneno tulitunga wote, mimi nikataja, yeye akaandika kwa herufi kubwa. Siku ya benki akaniambia tunatoa kidogo tu, tununue friji. Sikujua anakimbia nazo. Wallahi sikujua."

"Na alipokamatwa mama Hafsa ulijua hakuandika."

"Nilijua."

"Siku mbili, mzee. Mtoto amelala uani kwako."

Machozi ya mzee yalikuwa yanadondoka kwenye kanzu, wala hakuyafuta.

"Ngombezi anapeleka dawa," alisema Obadia. "Kuna watoto wawili wa vibarua kambini. Hana mchumba. Ungemuuliza angekwambia. Kwa nini hukumuuliza?"

Mzee Sabiri alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuvua nguo sokoni.

"Afande," alisema, "baba mkwe anamuulizaje mkaza mwana jambo kama hilo?"

Obadia aliliandika jibu hilo kama lilivyo, akamgeuzia daftari atie sahihi.